Wankyo Ametajwa Mara Arobaini na Tatu

Wankyo alizaliwa Kibara, nyumba ya tatu kutoka ziwani, na mpaka anamaliza darasa la saba mwaka 1974 hakuwa amewahi kuona kitu kidogo kuliko dagaa kikipewa jina. Akaolewa Guta na Mseti, mkulima wa pamba, kijana mpole asiyependa maneno mengi. Mwaka uliofuata akapata kazi ya kufagia kwenye kituo kidogo cha utafiti wa magonjwa ya maji, pale Bunda. Kazi yenyewe ilikuwa kufagia, kuchemsha maji, kuosha chupa na kuosha vioo vinavyowekwa chini ya hadubini.

Vioo hivyo ndivyo vilivyomharibu, kama alivyosemaga mama mkwe wake. Siku moja Daktari Makongoro, mkuu wa kituo, aliingia maabara akamkuta ameegemeza fagio ukutani, jicho moja amelifumba, jingine liko kwenye hadubini.

"Unatazama nini, mama?"

Wankyo akaruka. "Samahani, daktari. Natazama hivi vyenye mwiba mkiani. Viko kumi na saba. Bwana Burito ameandika kumi na mbili."

Burito alikuwa mpimaji wa kituo, kijana wa kidato cha sita, mwandiko wake mzuri kama wa kitabu. Daktari alivuta kiti, akahesabu mwenyewe mayai ya kichocho kwenye kioo kile, akahesabu tena. Kumi na saba. Wiki ile ile fagio likapewa mtu mwingine, na Wankyo akafundishwa kupima.

Alijifunza kwa macho zaidi kuliko kwa daftari. Alijua kwamba mkojo wa mtoto wa shule, ukichukuliwa saa sita mchana baada ya kukimbia, ndio unaoonyesha mayai mengi. Karatasi za kuchujia zilipoadimika, miaka ile ambayo kila kitu kiliadimika, Burito alikaa miezi mitatu akisubiri zije kutoka Dar es Salaam. Wankyo hakusubiri. Aliuacha mkojo utulie kwenye chupa za soda mpaka machicha yazame chini, akayavuta kwa bomba la sindano, akapima. Daktari aliandika kurasa mbili juu ya jambo hilo, akaweka na jina la Wankyo, akazituma kwenye jarida la madaktari. Likawa chapisho la kwanza la Wankyo. Yeye mwenyewe hakujua kwamba lile ni jambo kubwa. Alidhani ni barua.

Mwaka 1981 alimzaa Pelagia. Wenye watoto wachanga wakati ule hawawezi kusahau: sabuni hakuna. Duka la kijiji lilikuwa na rafu safi, zimefagiwa vizuri, hazina kitu. Wanawake wa Guta walikwenda lamboni, kwenye bwawa la kijiji, na majani ya mpapai, wakayaponda, wakasugulia nepi mpaka povu la kijani litoke. Wengine walitumia majivu. Wengine hawakutumia kitu, walipiga nguo kwenye jiwe tu, wakasimama majini mpaka jua linawachoma mgongo.

Wankyo naye alisimama humo na nepi za Pelagia. Akirudi nyumbani, mikono na miguu ilimwasha, vipele vidogo vidogo, mpaka anashindwa kumshika mtoto vizuri. Akawa anamfunga mgongoni ili yeye asijikune mbele ya uso wa mtoto.

Muharami, mwenye duka la vitambaa pale Bunda, alikuwa akipata mara moja moja mche wa sabuni kutoka kwa jamaa zake waliokuwa wakivuka mpaka wa Kenya pale Sirari. Alimpa Wankyo kipande kwa sababu Wankyo alimpimia mwanawe bila kumsumbua. Siku aliyofulia kipande kile, Wankyo alirudi nyumbani, akamnyonyesha mtoto, akamlaza, akachambua maharage. Ndipo akashtuka. Aliitazama mikono yake juu na chini. Haikuwa imewasha.

Akajaribu tena wiki ya pili kwa majani ya mpapai: ikawasha kidogo. Ya tatu bila kitu: ikawasha sana.

Jumatatu, kwenye fomu za watoto wa shule zenye safu za jina, umri, kijiji na idadi ya mayai, Wankyo alichukua rula akachora safu nyingine pembeni. Daktari alipoiona aliuliza, "Na hii ni ya nini?"

"Mama yake anafulia nini."

Daktari akacheka. Halafu akaacha kucheka, akaitazama ile safu. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini, vikaingia kwenye ngozi ya anayesimama lamboni, mama au mtoto; huenda sabuni inaviua. "Endelea nayo," akasema.

Aliendelea nayo miaka mitano, kwenye malambo manne ya Bunda na mawili ya upande wa Butiama. Akina mama hawakuwa na tarehe, lakini walikumbuka vizuri. "Mwaka ule tulifulia mpapai mpaka mpapai wenyewe ukabaki fimbo," mmoja alimwambia, na Wankyo akajua ni mwaka gani. Si kwamba wote walimpenda. Wengine walimwita Mama Mikojo. Wengine walinong'ona kwamba mikojo ya watoto inauzwa mbali na inarudi na mambo yake. Yeye aliendelea kupanga chupa zake.

Mwaka 1983, kulipokuwa na msako wa walanguzi, Muharami alitajwa. Hilo ndilo lilikuwa neno la mwaka ule. Ukisikia fulani ametajwa, hukuuliza kwa lipi. Uliuliza yuko wapi. Mtu mmoja alisema Muharami ameficha sabuni chini ya kitanda, na Muharami akakaa ndani wiki sita kabla ya kuonekana kwamba chini ya kitanda kulikuwa na viatu tu. Tangu hapo Guta na Bunda nzima neno hilo likawa na harufu. Na hata lilipopoa kwa walanguzi, likabaki kwa wezi wa ng'ombe na kwa wale wanaosingiziwa uchawi. Kutajwa ni kutajwa.

Mwaka uliofuata wafanyabiashara wakaruhusiwa kuleta bidhaa kutoka nje. Sabuni zikarudi, za rangi rangi, zinanukia mpaka barabarani. Na kwenye safu ya Wankyo jambo likaonekana kwa macho. Wakati wa mpapai na mikono mitupu, katika kila watoto mia moja, watoto sitini na wawili walikuwa na mayai ya kichocho. Miaka miwili baada ya sabuni kurudi, kwenye malambo yale yale, watoto thelathini na wanane.

Daktari Makongoro aliandika kurasa sita. Akaja nazo maabara, akamwekea mezani. Jina la kwanza lilikuwa la Wankyo.

"Daktari, umekosea hapa juu."

"Sijakosea. Wewe ndiye uliyeona. Mimi nimeandika Kiingereza tu."

Likafuata chapisho jingine fupi, la mikono inayowasha. Yakawa matatu. Jarida lilipotuma nakala, Wankyo alizifunga kwenye nailoni akazilaza sandukuni chini ya vitenge, akarudi kwenye chupa zake. Daktari akastaafu, akaenda kukaa Butiama na ng'ombe wake.

Basi ikaja 1994, mwaka wa kupunguza watu kazini. Barua ikabandikwa mlangoni: kituo cha Bunda kinabakiwa na mpimaji mmoja tu. Ama Burito, ama Wankyo. Kamati itakaa Musoma, itapima elimu ya mtu "au mchango wake katika utafiti".

Hakuna aliyekuwa na shaka. Burito ana kidato cha sita na cheti cha chuo, na machapisho yake ni ishirini na moja. Ameyapanga kabatini kama sahani za harusi. Wankyo ana darasa la saba na matatu. Alirudi nyumbani siku ile akamwambia mumewe taratibu, "Baba Pelagia, pamba ya mwaka huu tutalima wote wawili." Mseti akaitikia tu. Lakini Wankyo alipokwenda kisimani alisimama na ndoo muda mrefu. Hakulilia mshahara. Aliililia ile safu. Nani ataijaza? Burito aliifuta tangu Daktari alipoondoka, akisema inachafua fomu, na Wankyo alikuwa akiichora tena kwa penseli kila Jumatatu.

Siku mbili kabla ya kamati, Bernado, dereva wa lori la pamba, alisimama mbele ya nyumba yao Guta bila kuzima injini. Wankyo hakuwapo. Mama mkwe wake, Mbuke, alikuwa anaanika udaga wa muhogo juu ya jiwe.

"Mama Mbuke! Yule daktari wa Butiama kanituma. Anasema Wankyo ametajwa mara arobaini na tatu. Keshokutwa saa nne awe Musoma kwenye kamati, na karatasi zake zote."

Udaga ukamponyoka Mbuke mkononi. "Katajwa na nani?"

"Hakuniambia. Anasema wengine ni wazungu."

"Na wazungu tena!"

Wankyo aliporudi alimkuta mama mkwe amekaa chini, kanga imefungwa kiunoni kama mtu wa msibani, na Muharami ameitwa kutoka Bunda kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na uzoefu.

"Mimi nilitajwa na mtu mmoja," Muharami alisema, "tena mlevi, nikakaa wiki sita. Arobaini na tatu! Mama Pelagia, nisikilize. Beba shuka zito. Beba mswaki. Viatu vizuri acha nyumbani, hutaviona tena."

"Lakini nimefanya nini?" Wankyo aliuliza.

"Ndivyo nilivyouliza na mimi," Muharami akasema.

Wankyo akawaza wale waliomwita Mama Mikojo. Akawahesabu kichwani. Hata akiweka na ndugu zao hawakufika arobaini na tatu, na mzungu hakuwamo.

"Si lazima niende," akasema. "Niandike barua, nimwachie Burito kazi, yaishe."

Mbuke akasimama. Huyu mama alikuwa mfupi, na alikuwa na tabia ya kusimama taratibu sana akiwa na hasira, kama anapanda ngazi. "Mkamwana wangu, miaka kumi na tisa unakula kwangu. Mimi nimekugombezaga kwa vyombo, nimekugombezaga kwa kuchelewa kurudi. Kwa uongo sijakugombeza, kwa sababu huna. Ukikimbia watasema kweli. Tunakwenda. Na huyo aliyekutaja atanitajia mimi hapa usoni."

Wakaenda watatu, Muharami akiwamo, kwenye lori la Bernado. Wankyo amebeba nailoni yenye karatasi tatu, Mbuke amebeba shuka zito.

Chumba cha kamati pale Musoma kilikuwa na madirisha mapana, upepo wa ziwa unapeperusha mafaili. Mwenyekiti alikuwa Bi. Shani, mama wa makamo mwenye miwani aliyetoka makao makuu, pembeni yake wanaume wawili. Burito amevaa tai. Daktari Makongoro alikuwa amekaa kona na bahasha mapajani, akamtabasamia Wankyo. Wankyo akashangaa: mtu anatabasamu nini siku kama hii? Mbuke na Muharami wakaachwa kwenye benchi nje, mlango ukabaki wazi kwa ajili ya joto.

"Bwana Burito," Bi. Shani akasoma, "kidato cha sita, cheti cha maabara. Machapisho ishirini na moja. Bi. Wankyo, darasa la saba. Machapisho matatu."

Mmoja wa wale wanaume akafunika kalamu yake. "Mheshimiwa mwenyekiti, sioni cha kujadili."

"Mimi nakiona," Daktari Makongoro akasema, akasimama. "Mmehesabu wameandika mara ngapi. Naomba tuhesabu wametajwa mara ngapi. Nina rafiki kwenye maktaba ya chuo kikuu kimoja huko nje. Wana kitabu kinene kila mwaka, kinaonyesha nani kamtaja nani. Amenitafutia. Bi. Wankyo ametajwa mara arobaini na tatu."

Hakumaliza. Mbuke alikuwa ameshaingia, shuka bado liko kwapani.

"Shikamooni wote. Mimi ndiye mama yake huyu. Waliomtaja ni akina nani? Wako wapi? Waje waseme mbele yangu!"

"Mama, hapa ni kikao," yule mwanamume akasema.

"Najua ni kikao. Na huko walikomtaja kilikuwa kikao? Soma majina!"

Muharami alichungulia mlangoni akasema kwa sauti ya chini, "Mimi hata sikusomewa," kisha akarudisha kichwa.

Bi. Shani alivua miwani, akamtazama Mbuke, akamtazama Wankyo aliyekuwa ameinamisha uso mpaka kidevu kinagusa kifua. Akaonekana kama mtu anayeanza kuelewa jambo. "Daktari," akasema, "msomee mama."

Daktari akafungua bahasha. "Wa kwanza ni daktari wa Nairobi."

"Alisema kafanya nini?" Mbuke akauliza.

"Alisema, Wankyo wa Bunda ameonyesha kwamba mkojo unaweza kupimwa bila karatasi ya kuchujia, nasi tumefanya kama yeye tukaokoa kazi ya mwaka mzima."

Mbuke akakunja uso. "Mh. Wa pili?"

"Mhandisi wa maji, Mholanzi. Anasema, kwa sababu ya alichokiona Wankyo, sasa wanapojenga kisima wanajenga na sehemu ya kufulia, mbali na lambo."

"Huyo naye anamshtaki?"

"Mama," Daktari akasema, na sauti yake ikalainika, "hakuna anayemshtaki. Mtu anayeandika kitabu cha utaalamu, akitumia kazi ya mwenzake, lazima amtaje jina. Asipomtaja, huyo ndiye mwizi. Watu arobaini na tatu wametumia kazi ya mkamwana wako, wakamtaja kwa heshima."

Mbuke aliweka shuka chini. Akavuta kiti kisichokuwa chake akakaa. "Basi soma wote," akasema. "Nimetoka mbali."

Daktari akasoma. Madaktari na wapimaji walikuwa kumi na saba. Wahandisi wa maji tisa. Wataalamu wa konokono watano, ambao Mbuke aliwauliza kama konokono nao wana wataalamu. Halafu wakaja wachumi sita, watu wasiojua hadubini, waliokuwa wakibishana kama kufungua biashara kumewafaa wananchi au hapana. Wote sita, waliosema ndiyo na waliosema hapana, walimtaja Wankyo, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa amepima sabuni inapotoweka dukani inatokea nini kwenye mkojo wa mtoto. Wanne waliandika juu ya kazi za wanawake. Wawili juu ya shule. Wengi walimwita Bwana Wankyo, na mmoja Profesa.

"Profesa ndiye huyu huyu?" Muharami akauliza mlangoni.

Wankyo alikuwa ameinua uso. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, na mdomo ulikuwa unacheka wenyewe. Nepi za Pelagia, alikuwa anawaza. Nepi za Pelagia zimefika Uholanzi.

Mbuke akamgeukia Burito kwa upole kabisa. "Na wewe mwanangu, mwenye ishirini na moja. Wewe umetajwa na nani?"

Daktari akasita, Bi. Shani akamwashiria asome. "Bwana Burito ametajwa mara kumi na nne. Kumi na moja kati ya hizo..." akakohoa, "...amejitaja mwenyewe."

Muharami huko nje alicheka mpaka benchi likalia. Burito akashika tai yake. Uso ulimbadilika, akawa kama kijana yule wa zamani mwenye kioo cha mayai kumi na mbili.

"Kuna jambo halijasemwa," Burito akasema taratibu. "Kwenye wale kumi na saba, wa mwisho ni mimi. Mwaka 1991 nilimtaja Wankyo. Niliandika kwamba takwimu zake ndizo msingi wa zangu." Akamgeukia Bi. Shani. "Mwenyekiti, yale ishirini na moja mengi ni hesabu zake nilizokata vipande vipande. Siwezi kukaa hapa nikasema vingine, na huyu mama ananitazama."

Bi. Shani hakuwauliza wenzake kwa muda mrefu. Barua ilisema elimu *au* mchango, akasema, na mchango ndio huo umesomwa, na anayepingana nao ataje jina lake nalo liandikwe. Hakuna aliyetaja. Akaandika, akasoma alichoandika, akamsogezea Wankyo kalamu. Wankyo aliweka sahihi yake kwa herufi za darasa la saba, kubwa, zimesimama wima.

"Una neno, mama?" Bi. Shani akamuuliza.

"Naomba safu yangu ichapwe kwenye fomu," Wankyo akasema. "Nimechoka kuichora."

Bi. Shani akacheka, akaiandika na hiyo.

Kisha Mbuke akaidai ile orodha ya majina. Daktari akamwambia ni ya faili. "Nipe," Mbuke akasema. "Mtu akitajwa kwa ubaya anatajwa sokoni, wote wanasikia. Huyu naye hatatajwa chumbani."

Jumamosi ile, gulio la Guta lilipojaa, Mbuke alimsimamisha Pelagia, msichana wa miaka kumi na mitatu, juu ya marobota ya pamba ya Bernado, akampa karatasi. Watu waliposikia kuna orodha ya waliomtaja Mama Mikojo, wakasogea haraka, wengine wamebeba samaki mkononi. Pelagia akasoma jina la kwanza na alichosema mwenye jina. Wanawake wakatazamana. La pili. Kwenye la tatu mmoja akapiga kigelegele, na tangu hapo kila jina likapata chake. Pelagia alishindwa kulitamka jina la Mjerumani mmoja, akalirudia mara tatu huku watu wakimsaidia kwa kelele, na Mjerumani yule akapata vigelegele kuliko wote. Mseti, asiyependa maneno mengi, alisimama mbele kabisa akihesabu kwa vidole kwa sauti, asije mtu akaruka hata mmoja.

Walipofika arobaini na tatu, wanawake wanne walikuwa wamemzunguka Wankyo, wanamwambia jinsi walivyofulia mpapai, kila mmoja anataka aandikwe. Wankyo aliazima kalamu ya Muharami, akakaa juu ya robota, akawauliza mmoja mmoja, ni mwaka gani, na lambo lipi.